Nina presha na magoti yananiuma: naweza kushinda siku nzima kwenye spa ya maji moto?

"Daktari, habari za kazi. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunasafiri, na siku moja ya safari tumeitenga kwa ajili ya spa yenye chemchemi za maji moto. Kuna mabwawa, chumba cha mvuke na masaji, na tumepanga kushinda huko asubuhi hadi jioni. Nina miaka 54. Nina presha, na kila asubuhi nameza amlodipini pamoja na kidonge cha kukojoesha. Magoti nayo yananisumbua, hasa nikipanda ngazi. Safari iliyopita niliingia kwenye bwawa la maji moto nikakaa kama dakika 40 kwa raha zangu, lakini nilipoinuka nitoke, macho yakaingia giza, miguu ikalegea, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za bwawa bila kupenda. Mume wangu anasema zile ni sumu zilikuwa zinatoka mwilini na nikivumilia nitazoea. Mdogo wangu anasema mwenye presha haruhusiwi kabisa kuingia maji moto, eti yanapandisha presha na kupasua mshipa. Rafiki yangu ananishauri siku hiyo nisimeze vidonge. Nimsikilize nani?"

Salama, dada. Katika hao watatu usimsikilize yeyote, ingawa mdogo wako angalau amegundua kwamba kuna jambo la kuangaliwa. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa, siku ya namna hiyo inawezekana, na inaweza kuwa nzuri sana. Kisichowezekana ni kuimaliza yote ukiwa ndani ya maji.

Nianze na hilo la mdogo wako, maana ndilo ninaloulizwa mara nyingi. Watu wengi wanaamini kuwa joto linapandisha presha, pengine kwa sababu ukiwa kwenye maji moto unasikia moyo ukidunda. Moyo kweli unadunda haraka, lakini presha yenyewe kwa kawaida inashuka. Mwaka 2003 jarida la madaktari wa Canada lilichapisha utafiti uliowaweka watu wenye presha inayotibiwa, pamoja na wasio na presha, kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 10. Presha ya makundi yote mawili ilishuka, na wale wagonjwa hawakupata matatizo. Kwa hiyo linalokuhusu wewe zaidi ni presha kushuka, na lile giza machoni lilikuwa ndilo hilo.

Sasa tuone kilichotokea mwilini mwako zile dakika 40. Damu yako ina joto la nyuzi 37 hivi. Ukiingia kwenye maji ya nyuzi 40, joto linaingia mwilini badala ya kutoka, tena kwa kasi, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Mwili unajaribu kujipoza kwa njia zake mbili za kawaida. Ya kwanza ni jasho, lakini jasho hupoza ngozi pale linapokauka, na ndani ya maji halikauki. Unatoka jasho bure, unapoteza maji na chumvi bila hata kuona, maana umeshalowa. Njia ya pili ni kupanua mishipa ya damu ya ngozi ili joto lisogee nje. Katika hali ya kawaida damu inayopita kwenye ngozi haifiki lita 1 kwa dakika, lakini mwili ukipata joto kali inaweza kufika lita 6 mpaka 8. Hebu fikiria bomba la maji lililopanuliwa ghafla huku pampu ni ileile na maji ni yaleyale: msukumo lazima upungue. Ndiyo maana moyo unaongeza mapigo, unajaribu kufidia.

Mbona basi hukusikia kizunguzungu ulipokuwa umekaa ndani? Kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yanakusaidia. Ukizama mpaka shingoni, uzito wa maji unakandamiza miguu na tumbo pande zote na kusukuma damu kama mililita 700 kuelekea kifuani. Moyo unapata damu ya kutosha, ubongo unapata, wewe unaona raha. Figo nazo zinaona damu imejaa kifuani na kudhani mwili una maji mengi kupita kiasi, zinaanza kutengeneza mkojo. Ndiyo sababu watu wengi hubanwa na haja ndogo wakiwa bwawani. Kwako wewe kidonge cha asubuhi kilikuwa tayari kinafanya kazi hiyohiyo.

Halafu ukainuka. Kwa sekunde chache lile kandamizo la maji likaondoka lote, huku mishipa bado imepanuka, amlodipini ikiendelea kuilegeza kama ilivyotengenezwa, na maji ya mwili yakiwa yamepungua kwa jasho na mkojo. Damu ikateremka miguuni. Ubongo ukakosa damu kwa muda mfupi, macho yakaingia giza. Kukaa kwako pale kwenye ngazi, hata kama hukupanga, ndiko kulikokuokoa. Kichwa kikishuka karibu na usawa wa moyo, damu inafika tena. Watu wanaoumia vibaya ni wale wanaojikaza watembee hatua tano mpaka kwenye kiti, wakaangukia marumaru iliyolowa, au wale wanaozimia wakiwa bado majini.

Mume wako mwambie kwa upole kwamba sumu hazikuwemo kwenye habari hii. Jasho ni maji na chumvi, na vitu vingine kwa kiasi kidogo mno. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, na ukijikausha maji unazipunguzia figo damu ya kufanyia kazi. Kuhusu kuzoea, mwili kweli unaweza kuzoea joto, lakini kwa kukutana nalo siku nyingi mfululizo, na hata hivyo mtu anayemeza dawa zinazolegeza mishipa hazoei kwa kuvumilia. Giza machoni ni ishara ya kukaa chini papo hapo. Hakuna cha kuvumilia hapo.

Rafiki yako naye ana nia njema, lakini ushauri wake hauna faida na una hatari. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Kiasi chake kwenye damu huchukua kama saa 30 mpaka 50 kupungua nusu. Ukiruka kidonge cha asubuhi, mchana utakapoingia bwawani dawa ya jana na juzi bado iko kazini. Utakuwa umevuruga mpangilio wako bila kupata ulichokitaka. Kidonge cha kukojoesha ni habari nyingine kidogo: kazi yake kubwa huifanya katika saa za kwanza za mchana, na kwa siku ya joto kali daktari wako anaweza kuamua kukusogezea muda wa kukimeza. Hilo ni la yeye aliyekuandikia, anayejua presha yako, figo zako na chumvi za damu yako. Mimi nisiyekuona siwezi kukubadilishia, na rafiki yako vilevile.

Kwa hiyo siku yenyewe uiendeshe vipi? Kwanza ulizia joto la kila bwawa. Spa nyingi huandika ukutani au huwa na kipimajoto kinachoelea, na kama hakuna, muulize mhudumu, ni kazi yake kujua. Kwa hali yako ningependelea bwawa la nyuzi 36 mpaka 38. Humo unaweza kukaa dakika 15, hata 20. Bwawa la nyuzi 40 dakika 10 zinatosha. Linalozidi hapo waachie wengine, hata kama wazee wenye miaka 80 wamejaa humo wakipiga soga. Wao wamelizoea maisha yao yote, na pia hujui wangapi kati yao wamewahi kuokolewa. Japani, ambako watu huoga maji moto kila siku, vifo vya wazee bafuni wakati wa baridi ni tatizo linalojulikana vizuri na madaktari wao.

Usizame mpaka shingoni moja kwa moja. Kaa kwenye ngazi maji yakiwa kiunoni, subiri mwili uzoee, kisha shuka hadi kifuani. Si lazima mabega yafunikwe. Kwenye bwawa la joto zaidi ningekushauri ubaki hivyohivyo kifuani, maana sehemu ya mwili iliyo nje inaendelea kukupoza.

Kutoka ndiko kunakohitaji ustadi, nami ningeomba uufanyie mazoezi kwenye bwawa la kwanza, kabla hujachoka. Muda ukiisha, usiinuke. Sogea taratibu mpaka kwenye ngazi, ukae ngazi ya juu ambayo maji yanafika kiunoni. Hapo kunja na kunjua vifundo vya miguu, vidole juu, vidole chini, mara 20 hivi. Misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayosukuma damu kupanda, iamshe kabla hujaihitaji. Kaa dakika moja au mbili. Panda ngazi moja tena, sasa maji yako magotini, kaa kidogo. Halafu shika chuma cha pembeni kwa mkono, simama, uhesabu polepole mpaka kumi ukiwa umeshika bado, ndipo utembee. Ukihisi hata kidogo kwamba sauti za watu zinaenda mbali au macho yanafifia, kaa palepale ulipo, hata kama ni sakafuni. Mtu akikushangaa mwache ashangae.

Mume wako ana kazi kubwa kuliko nadharia ya sumu: akae karibu nawe kila unapotoka. Ukizimia ndani ya maji, ashike kichwa chako uso uwe juu, aite msaada, wakutoe, wakulaze chali na kuinua miguu. Wasikuketishe kwenye kiti kwa haraka, na wasikunyweshe kitu mpaka uwe macho sawasawa.

Kati ya bwawa na bwawa pumzika angalau nusu saa kivulini, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani muda wa nje ya maji ni muda uliopotea kwa kuwa wamelipia maji. Kinachokulegeza na kukupa usingizi mzuri jioni ni mwili kupata joto kisha kupoa taratibu. Joto la ndani ya mwili likishuka, ubongo hupata ishara ya kulala. Mtu anayekaa majini saa nne mfululizo halali vizuri, anachoka tu, na kesho yake anaamka kichwa kinamgonga. Kwa siku nzima ningekupa michovyo mitatu, minne ikiwa unajisikia vizuri. Muda uliobaki ni wa kiti cha kulalia, kitabu na mazungumzo, na masaji ukipenda.

Kunywa maji, lakini sikiliza vizuri hapa. Utaambiwa unywe lita tatu, lita nne. Vidonge vya kukojoesha vya jamii ya thiazaidi, ambavyo ndivyo wengi wenye presha hupewa, huondoa chumvi pamoja na maji. Ukijaza tumbo kwa maji matupu mengi juu ya hapo, chumvi ya damu inaweza kushuka sana, nayo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Kunywa glasi moja baada ya kila mchovyo, kunywa zaidi ukiwa na kiu, na kula chakula chako cha kawaida. Chakula chepesi kitangulie. Ukishiba sana damu inaelekea tumboni na presha inashuka zaidi, basi subiri saa moja na nusu hivi kabla ya kurudi majini. Pombe iache mpaka usiku, ikiwezekana iache kabisa siku hiyo, kwa sababu inapanua mishipa ileile na kukuondolea tahadhari unayoihitaji ngazini.

Kuna kitu kimoja kwenye spa nyingi ambacho kwa mwenye presha ni kibaya kuliko maji moto, na mdogo wako angekijua angekuwa na hoja nzito: ni lile bwawa dogo la maji ya barafu, ambalo watu huruka wakitoka kwenye joto huku wenzao wakipiga makofi. Maji baridi ya ghafla hubana mishipa yote ya ngozi kwa pamoja, presha inaruka juu, pumzi inakatika kwa mshtuko, moyo unapata amri mbili zinazopingana. Wewe usiliingie. Ukitaka kujipoza, jimwagie maji ya uvuguvugu kuanzia miguuni.

Chumba cha mvuke nacho ningekiruka, au niingie dakika tano nikiwa nimekaa benchi la chini, ambako joto ni pungufu. Hewa ya humo imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki, ni yaleyale ya bwawani bila msaada wa uzito wa maji. Masaji ni salama, ila umwambie anayekukanda kwamba una presha na utahitaji kukaa kidogo kitandani kabla ya kusimama. Hapo pia watu huanguka.

Tuje kwenye magoti, maana najua nusu ya hamu yako iko huko. Maji moto yanasaidia maumivu ya magoti yaliyochakaa, na msaada huo si wa kufikirika tu. Joto hulegeza misuli iliyokaza kuzunguka goti, na maji hubeba uzito wako: yakifika kiunoni miguu inabeba karibu nusu ya uzito, yakifika shingoni inabaki kama sehemu moja ya kumi. Tumia nafasi hiyo. Ukiwa kwenye bwawa la uvuguvugu, shika ukingo, kunja goti na kulinyoosha taratibu, tembea kwenda na kurudi, inuka na kukaa kwenye ngazi ya chini ya maji. Zoezi hilo lina faida ya kudumu zaidi kuliko kukaa tu, kwa sababu misuli ya paja ndiyo inayolipa goti ahueni. Usitarajie gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, kuota upya. Nafuu ni ya saa kadhaa, pengine siku chache. Na goti likiwa jekundu, limevimba na lina moto lenyewe, au una homa, usiliingize kwenye maji moto. Hilo linahitaji daktari kwanza.

Wauzaji watakuambia madini yanapenya ngozi na kuingia kwenye viungo. Ngozi iliumbwa kuzuia vitu visiingie, na kinachopita ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya raha unayoipata ni joto, ni maji kukubeba, na ni siku isiyo na simu. Harufu ya mayai yaliyooza ni ya gesi yenye salfa. Kwenye bwawa la wazi haina shida kwa watu wengi, ila mwenye pumu awe mwangalifu. Ndani ya chumba kilichofungwa ikikuchoma macho au kukupa kichwa, toka nje, na usijidanganye kwamba imeisha kwa sababu huisikii tena, kwani gesi hiyo ikizidi huifanya pua iache kuinusa. Pete na mikufu ya fedha iache chumbani, itageuka nyeusi. Maji ya bwawa usinywe hata ukiambiwa ni dawa. Baadhi ya chemchemi zina floridi au aseniki kwa wingi.

Kichwa usikizamishe. Katika maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa anaweza kuwepo kidudu anayeitwa Naegleria fowleri, anayepanda ubongoni kupitia puani. Ni nadra mno, lakini anayepatwa ni mara chache kupona, na kujikinga ni kuweka pua juu ya maji tu. Kama spa iko karibu na chemchemi zenyewe zinazochemka, baki kwenye njia zilizotengenezwa. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde 5 hivi, na ukoko wa ardhi pembeni unaweza kuwa mwembamba. Katika hifadhi ya Yellowstone huko Marekani zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua namna hiyo.

Kwa kuwa mtakuwa safarini, angalia miguu yako kabla ya kuingia. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu yote miwili, na joto huongeza. Hilo si la kuogopa, inua miguu upumzike. Lakini baada ya saa nyingi za kukaa kwenye ndege au basi, mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, usiingie majini wala usikubali ukandwe. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiharisha safarini au kutapika, ahirisha spa. Mwili utakuwa umeshapoteza maji kabla hujaanza. Mume wako kama ana kisukari kilichomtia ganzi miguuni, apime maji kwa kiwiko, asitegemee nyayo. Na kama ndiye atakayeendesha gari kurudi, apumzike saa nzima kabla ya kushika usukani.

Kabla ya safari, nenda ukaonane na daktari wako. Mweleze lile tukio la ngazini kama ulivyonieleza mimi, na umwombe akupime presha ukiwa umelala, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, dawa zako huenda zinahitaji kuangaliwa upya hata kama usingekwenda spa. Muulize kuhusu muda wa kidonge cha kukojoesha na kama ni vizuri kupima chumvi za damu. Iwapo presha yako bado inafika 180 kwa 110, au katika miezi ya karibuni ulipata maumivu ya kifua, kiharusi, au uliwahi kuzimia ghafla bila dalili yoyote ya kutangulia, mabwawa ya moto yasubiri mpaka uchunguzwe. Na ukiwa hukohuko spa, maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hayatulii ukipumzika, udhaifu wa upande mmoja au maneno kukwama mdomoni havihitaji kivuli wala glasi ya maji. Hapo mhudumu aite gari la wagonjwa mara moja.